Barua kwa mwanangu aliye Njombe, kuhusu kutyuni pikipiki

Muheza

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na bibi yako anakukumbusha kuvaa soksi.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi kusikia kwamba umeanza kuizoea kazi ya ugani na baridi ya Njombe. Mara ya pili niliusoma kwa miwani, kwa sababu ya ile orodha ya kazi ambazo fundi wako anataka kuifanyia pikipiki: kutoboa jeti kuu (kile kitundu cha kupitishia petroli) ya kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ili mafuta yaingie kwa wingi, kuondoa CDI yake (kile kiboksi kinachoamuru cheche ya plagi) na kuweka ya mashindano, kukata ekzosi, kisha kuityuni yote kwa shilingi 180,000. Umeniuliza kama inafaa, hali pikipiki yenyewe haijabadilishwa kitu tangu tuinunue. Katika orodha hiyo hakuna hata kazi moja inayofaa. Hata hivyo pikipiki yako inahitaji kutyuniwa kweli, ila kwa kwenda upande mwingine kabisa, na gharama yake haifiki bei ya tairi moja.

Hiyo Boxer ina injini ya sentimita za ujazo 144.8, ambayo sisi dukani tunaiita 150 kwa kurahisisha, na ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 12 hivi. Farasi hao ni wa hewa ya huku chini, karibu na usawa wa bahari. Huko uliko ni karibu mita 2,000 juu, na hewa ni nyepesi, kwa hiyo kila pistoni inaposhuka kuvuta pumzi inapata pungufu kwa takriban moja ya tano ya ilichokuwa ikipata hapa nyumbani. (Baridi yenu inarudisha kidogo, maana hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, lakini haifidii yote.) Kwa hiyo umebaki na farasi tisa na kitu, na hao waliopotea hakuna bisibisi itakayowarudisha, kwa kuwa hawakupotelea ndani ya injini.

Kinachoweza kurekebishwa ni kosa linalozaliwa na upungufu huo. Petroli inaungua vizuri inapochanganywa na hewa kwa kipimo: gramu moja ya mafuta kwa gramu 14.7 za hewa ndiyo hesabu ya kuungua kikamilifu, na injini inapotakiwa kutoa nguvu zake zote inapenda mafuta yazidi kidogo, hewa ishuke hadi kama gramu 12.5 au 13. Kabureta haina habari kwamba umehama Tanga. Inaendelea kupitisha mafuta kwa tundu lilelile, wakati hewa imepungua uzito, na kwa urefu wa Njombe mchanganyiko unazidi mafuta kwa asilimia 10 hivi. Ndiyo maana unaniambia inakohoa ukivuta mafuta mpaka mwisho, inatoa moshi mweusi mlimani, na lita moja haikufikishi tena ilikokuwa ikikufikisha. Sasa fundi anataka kuitoboa jeti ili mafuta yazidi tena! Hapo anampa maji mtu anayezama.

Usimlaumu sana. Huku pwani, mtu akibadilisha chujio la hewa na ekzosi, hewa inaongezeka na jeti lazima iongezwe. Amejifunza jambo la kweli akalipeleka mahali pasipo pake. Pikipiki isiyobadilishwa kitu, ikiwa iko mahali ilipokusudiwa, haina sababu ya kuguswa jeti. Yako haikubadilishwa, lakini imebadilishiwa hewa.

Kabla hujagusa kabureta, hakikisha kwamba huibebeshi lawama zisizo zake. Toa chujio la hewa ulitazame, kwani vumbi la barabara za mashambani linaziba kuliko unavyodhani. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono; likisita, breki inashika, na hapo unalipia petroli ya kupigana na breki yako mwenyewe. Kisha valvu. Hizi zipimwe asubuhi kabla injini haijawashwa, kwa kile kibamba chembamba cha kupimia, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki na si kwa sikio. Mafundi wengi hupenda kuzikaza ili zisipige kelele, na mteja huondoka ameridhika kwa sababu injini imenyamaza. Kumbe valvu iliyokazwa kupita kiasi haifungi vizuri ikipata joto, mgandamizo unavuja, na valvu ya kutolea moshi huungua polepole. Nimeuza valvu nyingi kwa sababu ya ukimya huo.

Kuhusu ekzosi nina ushahidi wangu mwenyewe, ambao sikuwahi kukusimulia kwa sababu ya aibu. Ulipokuwa darasa la tatu nilikuwa na pikipiki ya kupelekea spea vijijini, nikakubali ikatwe ekzosi kwa kuwa wateja walisifu sana jambo hilo. Wiki nzima niliamini imepata nguvu mpya. Kabla ya kukata, kwa bahati, marehemu baba yako alikuwa amepima kwa saa ya mkononi kipande kimoja cha mlima wa Amani, kutoka kwenye daraja hadi kona ya juu, nikiwa nimebeba boksi moja la oili: sekunde 48. Tulirudi na boksi lilelile tukapima tena, mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa 51 au 52. Kilichoongezeka kilikuwa kelele. Ekzosi ya kiwandani imepimiwa urefu na vyumba vyake ili injini ivute vizuri ikiwa katika mizunguko ya chini na ya kati, na huko ndiko mtu mwenye mzigo anakopandia mlima. Fundi wako hana mashine ya kupimia nguvu, na wala simlaumu kwa hilo, lakini asiyepima kabla na baada anauza sauti.

CDI ya mashindano nayo inaondoa kizuizi kinachozuia injini isizunguke kupita kiasi. Wewe unapanda kwenye mashamba ya parachichi kwa gia ya pili, umefunga bomba la dawa nyuma. Kizuizi hicho hujakifikia hata siku moja. Utalipia kuondolewa ukuta ulio mbali na nyumba yako.

Ukitaka mvuto zaidi mlimani, uliza sproketi, yaani lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Ikiwa ya mbele ina meno 15 na ukaweka ya meno 14, gurudumu la nyuma linapata mvuto zaidi kwa asilimia 7 hivi katika kila gia. Farasi ni walewale, na barabara ya lami utaiona ndefu kidogo kwa sababu injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule, lakini kwa safari zako ningeifanya hiyo kabla ya jambo jingine lolote lenye gharama.

Umeniambia pia kwamba mwenzako ana pikipiki kubwa isiyo na kabureta, na kwamba alipokwenda Dar es Salaam aliandikiwa upya programu ya kompyuta ya injini, naye anaisifu. Huenda anasema kweli. Pikipiki za namna hiyo zina kihisi cha mgandamizo wa hewa, kwa hiyo zikipanda Njombe hujipunguzia mafuta zenyewe. Tatizo lako yeye hana. Ila watengenezaji hubanwa na sheria za moshi na kelele, na ili wapite vipimo hivyo hupunguza mafuta katika mizunguko fulani, mpaka pikipiki inakuwa na mshtuko ukifungua mafuta kidogo kwenye foleni. Programu mpya inaweza kuuondoa mshtuko huo, na kwa pikipiki ambayo haijabadilishwa kitu hiyo ndiyo faida inayoonekana. Nguvu za juu kabisa huongezeka kwa asilimia chache tu. Kama anaendesha kila siku na mshtuko ule ulikuwa unamchosha, hela yake haikupotea. Kama alikuwa anatafuta mwendo, amelipa ghali.

Kwa basi la Alhamisi nakutumia bahasha yenye jeti kuu mbili, moja ndogo kwa namba moja kuliko iliyomo na nyingine ndogo kwa namba mbili. Nimezifunga kila moja kwa karatasi yake na kuandika juu. Anza na ile ya namba moja. Weka plagi mpya, panda mlima mrefu ukiwa umevuta mafuta zaidi ya robo tatu, maana jeti kuu hutawala hapo, kisha bana klachi na uzime injini palepale ukiwa bado mlimani. Fungua plagi. Ikiwa nyeusi kwa masizi, weka ile ya namba mbili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, acha hapo. Ikiwa nyeupe, rudisha ya zamani mara moja, kwa sababu injini yenye njaa ya mafuta hupata joto mpaka pistoni ikatoboka.

Jeti ya zamani usimpe mtu. Ifunge ndani ya boksi la zana, na ukija Desemba kwa pikipiki, irudishe ukifika Iringa, kabla hujaanza kuishukia hewa nzito ya huku chini.

Mama yako