Jumamosi: Uhura wa 1966 na Uhura wa 2009

Habari za jioni ndugu zangu,

Mjadala wa wiki hii nimeusoma wote. Kabla hatujaendelea kubishana kama filamu mpya za Star Trek, hadithi ya safari za angani, zimeiharibu tamthilia ya zamani ya televisheni, naomba Jumamosi saa 2 usiku tutazame sehemu ya kwanza kurushwa, ile ya Septemba 1966, kisha filamu ya 2009.

Mwangalieni sana Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani. Jina lake limetokana na neno letu "uhuru", na katika sehemu hiyo kiumbe aliyejigeuza mwanamume anamsemesha kwa Kiswahili. Kiswahili, angani, kwenye televisheni ya Marekani, mwaka 1966! Mimi hapo husisimka kila mara. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King akamsihi abaki.

Filamu ya 2009 ilimpa Zoe Saldaña, Uhura wa sasa, nafasi kubwa zaidi, na jina la kwanza la Uhura, Nyota, likatamkwa kwenye skrini kwa mara ya kwanza. Hilo nawapongeza kwa dhati. Ila naona wamemfunga mno kwenye mapenzi yake na Spock, afisa mwenzake chomboni.

Mnaolalamikia mbio na milipuko ya filamu mpya, nakubaliana nanyi nusu. Tamthilia ilikuwa na sehemu 79 za kutafakari. Filamu ina kama saa mbili tu.

Waliokulia kwenye filamu mpya wasibezwe, tafadhali. Na ujumbe wa sauti hapa kundini usizidi dakika mbili.