Mwanangu, usikurupuke

Mwanangu,

Habari ya kuanguka kwako bafuni nimeisikia kwa mdogo wako, si kwako. Hilo tuliache kwanza. Ulikuwa ndiyo umeamka, ukakurupuka, ukaingia moja kwa moja kwenye maji ya moto, si ndiyo? Hujaniambia, lakini nakujua.

Ninachokuomba ni kimoja: ukiamka, usikurupuke. Kaa ukingoni mwa kitanda, shusha miguu, chezesha vifundo, ukae hata dakika nzima. Mtu akisimama damu huteremka miguuni, na kwako inachelewa kupanda. Ndiyo maana macho yanaingia giza. Wapo wenye presha ya kushuka, chini ya 90 kwa 60, wanaoishi bila tabu yoyote. Sawa, lakini wao hawaanguki. Wewe 88 kwa 54 imekulaza sakafuni.

Na maji hunywi. Na kusoma kwako kote (majirani nimewachosha kwa kukusifu) unashindia kikombe cha kahawa mpaka saa nane! Kahawa hupandisha presha kwa muda tu, maji ndiyo yanayojaza mishipa. Weka glasi mbili karibu na kitanda, uzimalize kabla hujasimama. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Sinia la wanga huvuta damu tumboni, ndipo unalegea kila ukila mchana. Pombe nayo hushusha presha, ila huko sitaki hata kufika.

Kuhusu chumvi, sijui nianzie wapi. Presha ya baba yako inapanda, na chungu ni kimoja, nikaiondoa chumvi kwa nyumba nzima. Nilipokukuta jikoni unalamba ya kidoleni nilikukaripia. Na zile asubuhi ulizosema kichwa kinakuwa chepesi, nani aliyeita uvivu, akakuvua blanketi na kukusimamisha wima? Basi, yamepita.

Lakini usianze kujimwagia chumvi kwa kuwa mama ameandika. Muulize daktari akupangie kiasi. Akupime presha ukiwa umelala, kisha umesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, asikurudishe nyumbani kwa maneno matupu. Akutazame na damu, maana upungufu wa vitamini B12 nao huweza kuleta haya. Dawa zote unazomeza mtajie, hata zile unazoziona si kitu. Akikuandikia soksi za kubana, uzivae, usinizungumzie habari za urembo.

Ukisimama foleni, pishanisha miguu ubane mapaja. Giza likija, kaa chini palepale, hata iwe sakafuni. Atakayecheka acheke. Na usikurupuke, hata simu ikiita. Hata nikipiga mimi.

Huku bomba la jikoni linavuja tena. Baba yako alipanda kwenye kigoda eti analitengeneza, nikamshusha kwa makelele, sasa ananuna sebuleni. Mdogo wako usimgombeze kwa kusema, nilimbana mimi. Blanketi lako nimelifua. Kichupa cha chumvi kimerudi mezani, upande wako, na baba yako ameshaonywa asikiguse.

Leo asubuhi umeinukaje? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Mama yako