Fedha za ndugu walio ng'ambo hupotelea kwenye karatasi zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa biashara za hoteli, kumbi na usafiri hapa Mwanza, pamoja na ndugu zetu wanaoishi nje ya nchi ambao hulipia huduma za huku kwa kadi za benki za huko waliko. Ninafanya kazi ya uhasibu katika nyumba ya wageni iliyopo Kirumba, na kila baada ya msimu wa sikukuu hunifikia barua za benki zinazoeleza kwamba mteja amepinga malipo fulani na kututaka tuwasilishe vielelezo. Nimezisoma za kutosha kuona kwamba anayeshinda si lazima awe mwenye haki. Mara nyingi hushinda mwenye karatasi, na karatasi zenyewe huandikwa huku kwetu.

Harusi ndizo zinazonisikitisha zaidi. Kamati hukaa, ukumbi huchaguliwa, mweka hazina husaini mkataba kwa jina la kamati, halafu kaka aliyeko Leeds huombwa alipe kianzio kwa kadi yake kwa sababu michango bado haijatosha. Mwenye ukumbi akiupangisha kwa watu wengine siku hiyohiyo, kaka huyo alipaswa kuwa na kinga nzito ya kisheria, ila kamati imekwisha kumvua kinga hiyo bila yeye wala wao kujua. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 inayohusu mikopo ya wateja, katika kifungu chake cha 75, inaifanya kampuni iliyotoa kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji endapo bei ya kitu kimoja au huduma moja inazidi pauni 100 na haizidi pauni 30,000, hata kama kilicholipwa kwa kadi ni kianzio tu na salio likalipwa taslimu. Mwaka 2007 majaji wa House of Lords, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa mahakama ya mwisho ya nchi hiyo, waliamua kwamba wajibu huo haukomei mpakani, bali unahusu pia manunuzi yaliyofanyika nje ya Uingereza. Mwanza, basi, imo.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo inataka mwenye kadi awe ndiye aliyeingia mkataba na mtoa huduma. Mkataba ukiwa na jina la kamati, au la mdogo wake anayeishi Igoma, au fedha zikiwa zimepitia kwa wakala anayezipokea kwa niaba ya watu wengine, kampuni ya kadi inapata mwanya wa kumjibu kwamba yeye hakununua kitu, alimsaidia tu aliyenunua. Tiba yake haina gharama yoyote. Mkataba na ankara viandikwe kwa jina la mwenye kadi, kisha itajwe kwamba huduma itatumiwa na familia au kamati fulani. Najua wazee wa kamati hupenda majina yao yaonekane, na wengine wataona kwamba kumwandika kijana aliyeko Ulaya ni kumpa harusi ambayo si yake; heshima hiyo wanaweza kuipata kwenye kadi za mwaliko.

Wanaotumia kadi zinazokata fedha moja kwa moja kwenye akaunti hawahusiki na kifungu hicho. Kwao, na kwa wengine wote ambao sheria za nchi zao haziwafikishi huku, kimbilio ni utaratibu wa mitandao ya kadi yenyewe, yaani Visa na Mastercard, ambapo benki ya mteja hudai fedha kutoka kwa benki ya mfanyabiashara. Huo si sheria ya nchi bali ni kanuni za mtandao, na kwa migogoro mingi muda wake ni siku 120, ambazo kwa huduma iliyolipiwa mapema huweza kuhesabiwa kuanzia tarehe ambayo huduma ilitarajiwa kutolewa. Kwa hiyo tarehe ya huduma ni lazima ionekane kwenye maandishi. Stakabadhi nyingi ninazoziona mjini humu husema "malipo ya ukumbi" au "safari ya Serengeti" na kuishia hapo, kana kwamba ukumbi au gari la kwenda lango la Ndabaka vimekodishwa milele.

Tarehe hiyo huwasaidia hata zaidi walioko Marekani. Sheria ya huko, nayo ya mwaka 1974, humpa mwenye kadi ya mkopo siku 60 tangu alipotumiwa taarifa ya akaunti yenye kosa ili aandike barua ya kulipinga, na huduma ambayo haikutolewa kama ilivyokubaliwa huhesabiwa kuwa kosa la namna hiyo. Mtu aliyelipa kianzio mwezi Juni kwa sherehe ya Desemba atakuta siku hizo zimekwisha kabla bwana harusi hajapimwa suti. Ipo njia nyingine katika sheria hiyohiyo, inayomruhusu kuieleza kampuni ya kadi madai aliyonayo dhidi ya muuzaji, lakini kwa kawaida inahitaji ununuzi uwe umefanyika katika jimbo analoishi au ndani ya maili 100 kutoka kwenye anwani yake, ambazo ni takribani kilomita 160. Hakuna mtu wa Houston atakayeuweka ufukwe wa Ziwa Victoria ndani ya umbali huo. Kanuni za mtandao ndizo zinazombakia, na kanuni hizo zitamwuliza huduma ilikuwa itolewe lini.

Niseme pia juu ya namna tunavyorudisha fedha, kwa maana hapa wafanyabiashara wengi waaminifu hujitia matatani wenyewe. Mteja wa nje akifuta nafasi yake kwa haki, mwenye hoteli humtumia dada yake aliyeko Nyamagana fedha kwa simu na kuona amemaliza. Benki ya mteja haiioni fedha hiyo. Dada akichelewa kueleza, au wakikosana, mteja atapinga malipo na hoteli itadaiwa mara ya pili ikiwa na ujumbe wa simu tu wa kujitetea nao. Fedha irudi kwenye kadi ileile iliyolipa, kupitia mashine ileile au benki iliyotoa mashine. Mteja aandikiwe barua pepe siku hiyohiyo inayotaja kiasi kwa shilingi na tarehe, pamoja na sentensi moja ya kumtahadharisha kwamba pauni au dola atakazoziona zinaweza kutofautiana na alizokatwa, kwa kuwa benki yake itatumia kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ya kurejesha. Nimeona mgogoro mzima ukizuka kwa sababu ya tofauti hiyo ndogo, mteja akiamini kwamba hoteli imemla.

Malipo ambayo mwenye kadi hakuyaidhinisha kabisa ni habari nyingine, na huko Ulaya kinga yake ni bora: mteja hupewa hadi miezi 13 kuyaripoti, ingawa anatakiwa aripoti mara tu anapoyagundua.

Wanaotaabika kuliko wote, kwa maoni yangu, ni walioondoka nchini wakiwa na kadi za benki za hapa nyumbani. Ndugu yangu mmoja anayeishi Ujerumani alipopinga malipo kwenye kadi yake, benki yake, ambayo sitaitaja, ilimtaka afike kwenye tawi alikofungulia akaunti, hapa mjini, ili ajaze fomu na kusaini mbele ya ofisa. Nauli ingezidi alichokuwa akidai. Namba ya uthibitisho ilipelekwa kwenye laini ya simu aliyoiacha kabatini, na namba ya huduma kwa wateja ya kupiga bure haikupokea simu kutoka nje ya nchi. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mteja aanze kulalamika kwa benki yake kabla ya kwenda Benki Kuu, ambayo inalo tawi hapa Mwanza. Utaratibu huo ni mzuri, ila hauna maana iwapo mlango wa kwanza unafunguliwa kwa miguu pekee.

Naziomba benki zetu zipokee malalamiko ya kadi kwa barua pepe kutoka kwenye anwani iliyosajiliwa na mteja, na zimpe namba ya kumbukumbu ya lalamiko siku hiyohiyo. Naziomba pia, zinapompa mfanyabiashara mashine ya kadi, zimkabidhi pamoja nayo fomu ya Kiswahili ya kuthibitisha nafasi na nyingine ya kuthibitisha kufutwa kwake, zote zikiwa na sehemu za jina la mwenye kadi, tarehe ya huduma na kiasi kwa shilingi.

Msomaji wako,
Mhasibu, Kirumba, Mwanza
(Jina limehifadhiwa)