Tiba za kujisaidia zipimwe kwa haki

Mhariri,

Naandika kuhusu tathmini ya tiba nyepesi za kujisaidia, kama vitabu vya mazoezi na programu za simu, kwa watu wenye wasiwasi uliopitiliza. Tiba hizi nazithamini. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2011 wa kutibu wasiwasi huu unazipendekeza kabla ya dawa au vikao vya kina na mtaalamu, na kwa asiye na mtaalamu karibu huenda ndizo msaada pekee.

Lakini namna zinavyopimwa inanitia shaka. Mara nyingi wanaozitumia hulinganishwa na watu waliowekwa kwenye orodha ya kusubiri, wasiopata chochote. Hapo karibu msaada wowote utaonekana mzuri. Tena baadhi huacha njiani, na wakiondolewa kwenye hesabu matokeo hupambwa. Hata dodoso la GAD-7, linalopima ukali wa wasiwasi kwa alama 0 hadi 21, huuliza habari za wiki 2 zilizopita tu, ilhali wasiwasi huu hudumu kwa miezi, hata miaka.

Watafiti wawahesabu walioacha, wazilinganishe na tiba nyingine halisi, na wawafuatilie washiriki angalau mwaka mzima. Mgonjwa asiyepata nafuu apandishwe haraka kwenye tiba ya kina, asiachiwe kitabu akadhani kosa ni lake.

Msomaji wako