Barua ya malalamiko: rangi ya mati iliyokataa kukauka kwenye sanamu za vinili

Kigamboni, Dar es Salaam
18 Agosti 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Rangi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: RANGI YENU YA KUPULIZA YA MATI KUNATA NA KUNG'AA KWENYE SANAMU ZA VINILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 26 Aprili nilinunua Kariakoo makopo mawili ya rangi yenu ya kupuliza, kijani cha mati, shilingi 18,000 kila moja. Kwenye kopo mmeandika kwamba rangi hiyo inafaa kwa "plastiki zote", kwamba baada ya dakika 30 inaguswa, na kwamba ikishakauka haing'ai. Sasa inakaribia kutimia miezi minne. Sanamu nilizozipaka bado zinanata, na zinang'aa kana kwamba zimepakwa mafuta ya nazi asubuhi ya leo.

Naomba nieleze ni sanamu za namna gani, maana mhudumu wenu aliyepokea simu alidhani nasumbuka kwa ajili ya midoli ya mtoto. Marehemu baba yangu alikuwa baharia. Kila meli yake ilipotia nanga Yokohama au Kobe, alirudi na dude moja la vinili laini, yale mazimwi ya Kijapani yenye magamba mgongoni na mkia mnene. Wajapani huyatengeneza kwa kumimina vinili ya majimaji kwenye kalibu ya chuma, kuichovya kalibu ndani ya mafuta ya moto, kisha kulivuta dude litoke kabla halijapoa. Ndani ni tupu. Ukilibonyeza tumbo linaingia, ukiachia linarudi. Mzee alituachia 11. Jua la dirishani lilikuwa limefuta rangi ya migongo ya matatu, nami nikaamua kuyarudishia kijani chake. Kazi ya rangi si ngeni kwangu, nimepaka mageti na fenicha za watu miaka 12.

Niliyaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikayaacha yakauke usiku kucha. Nilitingisha kopo dakika mbili nzima tangu gololi ilipoanza kulia. Nikapiga mikono mitatu miembamba ya rangi, na kati ya mkono na mkono nikasubiri nusu saa.

Siku ya tatu nikataka kuliinua dude la kwanza kutoka kwenye gazeti. Liliinuka pamoja na gazeti. Nilipoibandua ile karatasi, herufi zilibaki kwenye nyayo zimegeuka kinyumenyume, na zipo mpaka leo. Kiunoni kuna alama ya kidole gumba changu, mistari yote unaweza kuihesabu. Katikati ya magamba limenasa vumbi, na kwenye mkia umeshika unyoya mmoja wa kuku ambao sithubutu kuung'oa kwa sababu utakuja na rangi.

Nilipiga simu kwenu mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa ni masika, hewa ina unyevu, nivumilie. Nilikubali, kwa kuwa hoja hiyo ni ya kweli: hewa ikiwa nzito rangi hukawia. Nikavumilia. Mara ya pili, mwezi wa sita, niliambiwa nimepuliza nzito, nipige mkono mwingine wa mati juu yake, na ikiendelea kunata nipake poda ya mtoto. Poda ingeficha mnato siku chache, halafu ingejaa katikati ya vidole na magamba na isitoke tena. Sikuipaka, na wala mkono wa nne sikuupiga.

Badala yake, tarehe 12 Julai, kipupwe kimekwisha kushika, nilifungua kopo la pili. Juu ya ubao mmoja nilipanga chupa ya soda ya kioo, kipande cha bomba gumu la PVC, na kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Nikavipuliza vyote kwa mkupuo mmoja. Chupa na bomba vilikauka siku ileile, mati safi kabisa, kama ubao wa darasani. Ule mpira umetimiza wiki tano. Ukiugusa, unakuganda.

Kopo lilikuwa moja, mkono uliopuliza mmoja, hewa ileile. Kwa hiyo masika hayahusiki, wala unene wa rangi hauhusiki. Mafundi wenu wanajua, nami nataka niliseme waziwazi ili safari hii nisiambiwe tena nisubiri. Bomba na mpira ule vyote ni PVC, yaani vinili, kama yalivyo madude yangu. PVC yenyewe ni ngumu. Kinachoifanya ipinde ni mafuta ya kulainishia yanayochanganywa humo, mengi yake yakiwa ya jamii ya fathaleti. Mafuta hayo hayajafungamana na plastiki kikemia. Yanatembea. Yakikuta juu rangi ya aina ya kwenu, yanapanda na kuingia ndani yake, na rangi inageuka laini kwa njia ileile vinili ilivyolainishwa. Unaweza kuianika mwaka mzima.

Hata huo mng'ao unatokana na hayo hayo. Rangi ya mati ina unga laini wa silika, yale madini yaliyomo kwenye mchanga. Rangi inapokauka husinyaa, zile chembe zikajitokeza juu na kuutawanya mwanga, ndipo macho yetu yanaona mati. Rangi isiyokauka haisinyai. Unga unabaki umezama, na uso wa juu unatulia kama maji ya mtungini. Ule mkono wa nne nilioshauriwa ungenipa unene zaidi wa kitu kilekile.

Sisemi kwamba vinili laini haipakiki. Kwenye kipande kingine cha mpira uleule nilipaka akriliki, rangi ya maji, na ilikauka, haing'ai, hainati. Wala sisemi rangi yenu ni mbovu. Geti la jirani yangu nimelipaka kwa rangi yenu na linapendeza. Ninachokilalamikia ni neno "zote" kwenye kopo. Mimi nimeharibikiwa na urithi wa baba. Fundi mwingine ataliamini neno hilo akapulize kiti cha bodaboda, ambacho nacho ni vinili laini, na abiria atashuka na rangi kwenye suruali.

Naomba nirudishiwe shilingi 36,000. Naomba pia kopo liandikwe wazi kwamba rangi hii haifai kwa vinili laini, na maduka yanayouza makopo ya sasa yaambiwe hivyo bila kungoja chapa mpya. Lakini ninachokihitaji kuliko fedha ni barua kutoka kwa mtaalamu wenu wa rangi, anieleze nitumie nini kuiondoa. Thina siigusi, inayeyusha vinili yenyewe. Nimejaribu spiriti kwa pamba kwenye unyayo mmoja, na kijani kinatoka polepole. Ninachohofia ni uso. Macho ya madude haya yalipakwa kwa mkono huko Japani, nukta nyeusi juu ya njano, na kijani chenu kimegusa ukingo wa jicho la lile kubwa. Nikikosea hapo, jicho halirudi.

Nitasubiri majibu siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa anayouziwa.

Naambatisha nakala ya risiti yenye namba yangu ya simu, picha sita, na vile vipande viwili, bomba na mpira, nilivyovipaka tarehe 12 Julai. Tafadhali mviguse kwa kidole kabla ya kunijibu. Mpira nimeufunga kwenye karatasi ya kuokea ili usigande na barua. Madude yenyewe siwezi kuyatuma. Nimeyalaza kifudifudi ndani ya kasha, migongo juu, na mtaalamu wenu anakaribishwa nyumbani kuyaona siku yoyote baada ya saa kumi jioni.

Wenu,

(sahihi)
Mteja, Kigamboni