Azimio la madiwani lisiishie kwenye muhtasari wa kikao

Mhariri,

Kila zinapotoka habari kwamba madiwani wa halmashauri fulani wamemkataa mkurugenzi wao, wananchi wengi hudhani kazi imekwisha. Azimio lile halimtoi mtu ofisini. Kwa Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002, wakurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, na aliyeteua ndiye mwenye kutengua. Baraza hupeleka malalamiko mkoani na TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa, kisha husubiri.

Meya au mwenyekiti wa halmashauri, ambaye amechaguliwa, madiwani wanaweza kumng'oa kwa kura. Tuliona Januari 2020 katika Jiji la Dar es Salaam, pamoja na ubishi wote uliozuka kuhusu akidi. Mkurugenzi hawana kura wanayoweza kumpigia, na huyo ndiye afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya matumizi ya fedha za halmashauri. Ndiye pia katibu wa baraza, hivyo siku madiwani wanapojadili hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuhusu fedha zilizopita mikononi mwake, anayesimamia uandishi wa muhtasari ni yeye mwenyewe.

Linaloniuma zaidi ni amri za jukwaani. Kiongozi wa kitaifa anakuja ziarani, anasikiliza kero, anamsimamisha mkurugenzi papo hapo na watu wanashangilia. Baada ya hapo kimya. Miezi inapita, tunasikia amepangiwa kazi nyingine kwingineko. Kama alikula fedha, waliolipa ushuru hawaambiwi ni kiasi gani. Kama alisingiziwa, hakuna anayemsafisha mbele ya umati ule ule uliomzomea. Na Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi!

Najua hofu iliyopo. Wapo madiwani watakaomwandama mkurugenzi kwa sababu tu amewakatalia posho isiyo halali au zabuni ya jamaa yao. Hofu hiyo ni ya kweli, na mkurugenzi mwadilifu anastahili kulindwa. Kwa hiyo siombi baraza lipewe rungu la kufukuza. Naomba lipewe haki ya kuanzisha shauri, na aliye juu alazimike kulijibu.

Wenzetu wa Kenya wana mfano unaofaa kutazamwa. Sheria yao ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaruhusu hoja ya kumwondoa waziri wa kaunti ikiungwa mkono na angalau theluthi moja ya wajumbe wa bunge la kaunti. Kamati ya watu watano huchunguza, mtuhumiwa husikilizwa, na bunge likiridhia, gavana hana budi kumfukuza.

Sisi tunaweza kuanzia chini ya hapo. Sheria zetu za serikali za mitaa za 1982 ziongezewe kifungu: madiwani wakipitisha tuhuma kwa maandishi, zikiwa na ushahidi, uchunguzi huru uanze ndani ya muda uliotajwa, mkurugenzi apewe nafasi ya kujitetea, na uamuzi wa mamlaka ya uteuzi urudi na sababu zake. Usomwe katika kikao cha wazi cha baraza, mkurugenzi awe ameondolewa au amebaki. Katika kikao hicho, katibu awe mtu mwingine.

Msomaji wako,
Dodoma