Barua kwa Rehema, kuhusu fildi

Pangani,
2 Agosti 2025

Rehema shoga yangu,

Ile sauti ya dakika saba uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza mara mbili. Sikutaka kukujibu kwa sauti, maana ulilia katikati, na huku kwetu jenereta lilikuwa linanguruma. Nimeona bora nikae nikuandikie.

Pole. Majina ya fildi, yaani mafunzo yetu ya kazini, kubandikwa ukutani na lako lisiwemo kwenye kituo chochote kikubwa cha utangazaji cha Dar, najua linauma. Ila mimi kituo kikubwa nilikipata, nisikitaje. Wiki nane, shoga. Niliishia kujua nani anakunywa chai ya rangi na nani ya maziwa. Studio niliiona kwa nje ya kioo. Maiki nilishika siku moja tu, walipokuwa wanahamisha meza. Mwisho wa fildi nikaandikiwa "amefanya vizuri sana", nami nikarudi chuoni sijui hata kusawazisha sauti.

Huku redio ya jamii, siku yangu ya pili mhariri alinipa kinasa sauti akasema nenda Kipumbwi, kaulize bei ya samaki. Nikaenda. Nikarudi na dakika ishirini za upepo wa kusi, wuuu mwanzo hadi mwisho, na mvuvi mmoja anasikika kama yuko chini ya maji. Mhariri hakunigombeza, alinirudisha kesho yake. Mara hii bibi mmoja mchuuzi aliniangalia ninavyohangaika, akanivuta ubavuni mwa ngalawa, akatufunika wote wawili na kanga yake, kinasa sauti katikati yetu. Akaanza kueleza. Sauti ilitoka safi mpaka unamsikia anavyovuta pumzi kabla ya kutaja bei. Makala ikawa dakika tatu, na kukata zile "yaani" zangu tu kulinimalizia usiku. Ndiyo makala ninayoitanguliza mpaka leo nikiomba kazi.

Sasa Washington. Najua ulikuwa na mpango wako na Sauti ya Amerika, na ndiyo maana naandika kwa uangalifu. Machi 14 mwaka huu Trump alisaini amri ya kulipunguza shirika linaloisimamia. Kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakapewa likizo ya lazima, na Idhaa ya Kiswahili, ambayo ilianza 1962, ikanyamaza. Babu yangu alidhani betri zimekwisha, akamtuma mtoto dukani. Sikuambii ufute ndoto. Ila usiyapange maisha yako kwa idhaa moja ambayo uhai wake uko kwenye kalamu ya mtu asiyeisikiliza.

Milango mingine ipo, nayo yote inakuuliza swali moja: umefanya nini? Bonn, Ujerumani, kuna shahada ya uzamili ya habari za kimataifa inayoendeshwa na DW Akademie, tawi la mafunzo la Deutsche Welle, na vyuo vya huko. Wanataka mtu aliyekwisha kufanya kazi, cheti cha chuo hakitoshi. Tuzo ya BBC ya Komla Dumor, iliyoanzishwa 2015 kumkumbuka yule mtangazaji wa Ghana, humpeleka mshindi London miezi mitatu, lakini ni ya mwandishi aliye kazini Afrika. Waihiga Mwaura wa Kenya aliichukua 2018, Rukia Bulle naye wa huko huko Kenya akaichukua 2024. Hizo ziweke mbele, miaka mitatu au minne hivi. Kwa sasa una wiki nane za kujaza.

Na tafadhali usiache chuo ukakimbilie kutangaza kwa sababu dada fulani wa mtandaoni ametoka bila cheti. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zinataka angalau stashahada, na muda wa kuvumiliana umekwisha. Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari sasa inafanya kazi, mwenyekiti wake Tido Mhando, sauti ile ile iliyotukuza sisi. Mimi nina maneno yangu kuhusu mtu kuhitaji kitambulisho ili aulize maswali, tutayasema ukija. Ila stashahada malizia.

Nimeshaongea na mhariri. Anasema ukileta barua ya chuo kabla ya tarehe kumi na tano, nafasi ni yako. Posho hakuna, nisikudanganye. Kuna chakula cha mchana, na utalala kwangu, kitanda ni futi tano na mimi sikoromi. Utasoma taarifa ya habari wiki ya pili, na utakosea jina la waziri hewani kama tulivyokosea wote, kisha utafungua maiki tena.

Basi la Tanga panda asubuhi, utaunganisha ya Pangani. Njoo na soksi moja nene, safi, ya kuvika maiki. Sponji yetu imeliwa na panya.

Wako,
Mwanaidi